Uso Haulingani na Picha

4 Februari

Mdogo wangu Kindi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mwenye nyumba ameziba ule upepo wa dirishani uliokuwa ukikunyima usingizi. Sisi huku hatujambo. Nasema "sisi" kwa mazoea tu. Niko mimi na paka wa jirani, ambaye tangu shemeji yako afariki amehamia kwangu moja kwa moja, analala juu ya sanduku la vifaa vya marehemu kama mtu aliyeachiwa urithi. Shangazi hajambo, ila goti ni lile lile. Anakusalimu na kukuuliza kama umeshaoa. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Naandika herufi kubwa kama daktari alivyoagiza. Ukiona bado ni ndogo, sema. Mimi nimefurahi kwamba amekukataza skrini za simu, maana barua zako ni tamu kuliko ule ujumbe wako wa "nzuri, wewe je?"

Sasa jambo lenyewe. Nakuja. Umeandika kwamba daktari anaona macho yako yatafika mwisho wa mwaka, na baada ya hapo hawezi kukuahidi kitu. Basi nataka nifike ukiwa bado unaniona. Unazikumbuka zile tiketi mbili za ndege tulizokata mimi na shemeji yako ili tuje kukaa kwako mwezi mzima? Alipougua hatukusafiri, na kampuni ya ndege ikairudisha thamani yake kwenye akaunti yangu ya mtandaoni, niitumie kabla ya mwisho wa Septemba mwaka huu. Nauli nyingine sina, ila hiyo ipo. Mwaka jana sikuwa tayari kwa lolote. Sasa niko tayari. Kesho nakwenda kwenye duka la kompyuta, naingia, nachagua tarehe, basi. Tandika kitanda.

Nikuletee nini? Usiseme "hakuna".

Dada yako


27 Februari

Kwa Dada,

Salamu zako nimezipata, na za Shangazi pia. Mwambie sijaoa, ila nafikiriwa.

Barua nimeisoma mchana nikiwa nimesimama dirishani, mara mbili. Herufi zinatosha. Ziongeze kidogo tu, si kwamba siwezi kuzisoma, ni kwamba zikiwa kubwa zinapendeza.

Upepo tumeuziba kwa gazeti. Kazini hapana neno. Bosi amenitoa kwenye saa za mkononi akaniweka kwenye saa za ukutani, anasema huko ndiko kazi ilikojaa. Baada ya miaka yote hii ya kushika vitu visivyozidi punje ya mchanga, saa ya ukutani naiona kama trekta. Nilimuuliza mwenzangu wa mezani, "Mbona wewe hujahamishwa?" Akaifuta lenzi yake muda mrefu, kisha akasema, "Wewe umekomaa, mzee."

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, yule dereva wa teksi mstaafu tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, amesikia kwamba unakuja. Kwa hiyo jengo zima limesikia. Ameshaanza kugombana na mwenye nyumba kuhusu godoro lako.

Niletee kile kibanio changu cha kwanza, kile cha kushikia skrubu ndogo. Kilikuwa kwenye bati la biskuti, kama hukulitupa. Na ukate tiketi ya ndege inayofika asubuhi. Jioni zile taa za uwanjani zinanichanganya, naweza kumkumbatia mtu mwingine.

Mdogo wako


19 Machi

Kindi wangu,

Hujambo? Huku mvua imeanza na bomba la jikoni limeanza pamoja nayo. Bati la biskuti halikutupwa. Kibanio chako nimekifuta kutu na kukifunga kwenye kitambaa. Nitakuja nacho mkononi.

Tiketi bado, lakini usiwe na wasiwasi.

Neno la siri nililikumbuka, ni lile la siku zote. Nikaliandika, mwenye duka la kompyuta akapiga makofi. Kumbe ulikuwa mlango wa kwanza tu. Ikatokea kwamba natumia kompyuta wasiyoifahamu, kwa hiyo wametuma namba ya uthibitisho kwenye simu yangu. Namba ya simu waliyonayo kule ni ya shemeji yako. Unajua tulivyokuwa, simu ya nyumba ilikuwa yake, na kila tulipoulizwa namba tulitaja hiyo.

Laini ile haipo tena. Sikukuambia. Baada ya maziko watu waliendelea kupiga. "Fundi, nimejifungia nje." "Fundi, ufunguo umekatikia kwenye kitasa." Kila mmoja nilipaswa kumwambia upya, na kila mmoja aliniuliza imekuwaje. Siku moja nikachukua mkasi, nikaikata kadi ya ile laini vipande viwili. Nilipumua siku hiyo. Nimeuliza kwenye kampuni ya simu kama naweza kurudishiwa namba, wakasema imeshapewa mtu mwingine. Nikaipiga. Mwanamke akapokea, watoto wanalia nyuma yake, nikamwambia nimekosea.

Kuna njia nyingine, nayo ni swali la siri. "Ulizaliwa mtaa gani?" Nikacheka, nikaandika mtaa wetu. Ikakataa. Hapo ndipo nilipokumbuka. Shemeji yako alikuwa fundi kufuli mpaka kwenye mifupa. Siku tunaifungua akaunti hiyo alisema, "Mwizi akitaka kujua ulipozaliwa anawauliza majirani. Usijibu kweli. Weka uongo." Tukakaa mezani tunatunga uongo. Yeye akasema nimezaliwa mwezini, mimi nikasema kabatini, tukaenda hivyo mpaka chai ikammwagikia. Shati alilovaa nalikumbuka, la buluu, kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mweusi. Nakumbuka jinsi alivyogeukia ukutani ili niandike, maana ndivyo alivyofanya hata kwa wenye masefu. Mteja akipanga namba zake, yeye anautazama ukuta.

Uongo wenyewe siukumbuki.

Nimejaribu mwezini. Nimejaribu kabatini. Nimejaribu chini ya kitanda. Wamenifungia, wakasema nipumzike, nijaribu tena baadaye. Mume wangu kafungua milango ya mji mzima, na huu wa kwangu akaniachia hivi.

Lakini nakuja. Macho yakoje?

Dada yako


2 Mei

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Barua ilinifikia mapema ila siku hizi naandika kidogo kidogo, mchana tu. Mistari ikipanda usinicheke. Karatasi za huku hazina mistari iliyokolea.

Habari ya mkasi imenikaa moyoni. Ungeniambia. Basi, yamepita.

Kuhusu ule uongo, nimefikiri sana. Jaribu "stoo ya kuni". Uliniambia tangu nikiwa mdogo kwamba mimi niliokotwa kwenye stoo ya kuni, na nililia siku nzima mpaka Mama akakuchapa. Labda safari hii ulijiweka mwenyewe. Au jaribu "tumboni mwa nyangumi". Shemeji alikuwa na mambo ya nyangumi.

Redio anasema alijaribu kumkatia tiketi mpwa wake wakamwambia kwanza athibitishe kuwa yeye si roboti. Wakampa vipicha vidogo vidogo achague vyenye taa za barabarani. Mtu ameendesha teksi maisha yake yote, akashindwa! Anaapa kwamba moja ilikuwa nguzo ya umeme. Mimi na macho haya wangeniandika roboti bila hata kunijaribu.

Kazini sasa niko mbele, nauza mikanda ya saa na kubadilisha betri. Nakaa karibu na mlango, napata hewa. Wateja wanapenda kuongea nami.

Macho yapo.

Usikasirike ukikwama. Ukifika utafika.

Mdogo wako


24 Mei

Kindi,

Mistari yako haikupanda tu. Mmoja umepita juu ya mwingine, na neno "yapo" nimelisoma kwa kulitafuta chini ya "wateja". Sikulaumu. Nasema tu nimeona.

Hapa hatujambo. Shangazi goti limemlaza, lakini ulimi unatembea.

Stoo ya kuni ilifika nikiwa nimeshafungiwa kabisa upande wa maswali. Nilipoisoma nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikakaa chini. Wakati ule nilikuwa mkubwa vya kutosha kujua kwamba unaumia.

Nimejaribu kufungua akaunti mpya. Ikasema pasipoti hii ina akaunti tayari, niingie kwenye ile ya zamani. Nimekwenda kwa wakala wa tiketi. Binti wa pale ni mpole, ana kucha ndefu zinazogonga meza, akasema, "Mama, thamani iliyo ndani ya akaunti siigusi mimi. Huko anaingia mwenyewe tu." Nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. Akasema, "Najua, mama. Mimi nakuona."

Mwisho nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Muziki, kisha sauti ya mashine, kisha muziki ule ule, kisha akaja kijana. Nikamweleza yote, mpaka mkasi. Akanisikiliza, siwezi kumsema vibaya. Akasema namba ya simu inabadilishwa kwa kuthibitisha kupitia namba ya zamani.

"Ya zamani imekufa, mwanangu."

"Pole, mama. Kwa usalama wako siwezi kuibadilisha."

"Usalama wangu kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa mtu anayejifanya wewe."

"Anayejifanya mimi ni mimi."

Akacheka kidogo, nikasikia amefunika simu. Halafu akasema kuna njia moja imebaki: nitume picha ya pasipoti, kisha nipige picha ya uso wangu kwenye simu, mashine ilinganishe. Zikilingana, ninafunguliwa. Huo ndio mlango wangu sasa. Uso ninao, pasipoti ninayo. Sioni cha kunizuia.

Kibanio kiko kwenye mkoba wangu. Sikukitoa.

Dada yako


15 Julai

Kwa Dada wa Kindi,

Mimi ni Redio, jirani. Naandika mimi, anasema yeye. Ameniambia niandike neno kwa neno nisiongeze langu. Nitajitahidi.

Anakusalimu sana. Anasema yeye hajambo, amechoka mkono tu, ndiyo maana ameniomba niandike. (Mkono wake ni mzima, Dada. Jana alinishinda kufungua chupa ya achari.)

Anauliza mashine imesemaje kuhusu uso. Anasema dukani bosi amempa mapumziko, atarudi kazi ikichanganya. (Wamemuaga kwa chai. Wamempa saa ya ukutani. Ameitundika juu ya kitanda, anaisikiliza.)

Anasema hana haja ya kukuona haraka, wewe usijiumize, hata mwakani si mbali. (Nimemwambia hiyo siandiki. Amesema andika. Haya, nimeandika.)

Anasema kumbukumbu yake ni nzuri. Jana alinisimulia ulivyomkatia nywele kwa bakuli ukamwacha upande, akaenda shule na kofia mpaka mwalimu akamvua. Tumecheka sana. Kisha akaniuliza, "Redio, taa umewasha?" Ilikuwa mchana, Dada. Jua lilikuwa limekaa mezani kati yetu. Nikamwambia bado, ngoja niwashe. Nikainuka, nikabonyeza swichi, nikarudi kukaa.

Hiyo ya mwisho hajui kwamba nimeiandika.

Yeye anasema: mdogo wako anakupenda.
Mimi nasema: njoo.


9 Agosti

Kindi mdogo wangu, na wewe Redio unayesoma,

Salamu kwenu nyote wawili. Redio, ahsante. Kuna mahali utajua pa kuruka usisome. Hapa anza kusoma kwa sauti.

Kindi, mashine imekataa.

Nilivaa gauni lile la kijani, kwa sababu ndilo nililovaa kwenye picha ya pasipoti. Mwenye duka la kompyuta alinishikia simu. Ikasema nikae mbele ya mwanga. Ikasema nigeuke kulia, nigeuke kushoto, nifumbe macho, nifumbue. Nilifanya yote kama mtoto anayepimwa shati. Ikafikiri. Ikaandika: uso haulingani na picha.

Tukarudia dirishani. Haulingani. Tukarudia nikiwa nimefunga nywele, tukarudia nikiwa nimeziachia. Mwenye duka akasema, "Mama, usilie, inataka uso mkavu." Nikamwambia silii, ndivyo ulivyo siku hizi. Akaweka pasipoti kando ya shavu langu, akatazama huku na huku. Akaniletea maji.

Sikukuambia jinsi nilivyopungua. Uliponiuliza hali nilisema hatujambo. Gauni la kijani nilikuwa nimelibana kwa pini mgongoni ili likae. Na lile jino la mbele la kushoto halipo tangu mwezi ule wa maziko. Nilisema nitaliweka jingine, sikuliweka. Ile picha ilipigwa siku njema. Mpiga picha alinikataza kucheka, na shemeji yako akasimama nyuma yake, amevaa kofia ya mpiga picha kinyume, anachezesha masikio. Nilijizuia mashavu yakavimba. Huyo ndiye mwanamke wanayemtafuta. Hata mimi ningemwona barabarani nisingemjua.

Nimetuma maelezo. Nimetuma cheti cha kifo, cha kuzaliwa na cha ndoa. Wamenijibu kwa barua pepe kwamba maombi yangu yamepokelewa na yanashughulikiwa. Nimewajibu kwamba mdogo wangu anapoteza macho. Wamenijibu kwamba maombi yangu yamepokelewa na yanashughulikiwa.

Nenda kila siku dirishani wakati wa jua. Usiache.

Dada yako


2 Oktoba

Kwa Dada,

Redio tena. Leo nimeahidi kutoongeza kitu, na sitaongeza.

Anasema: Dada, mwezi wa tisa umeisha. Kama wangekufungulia ungeshakuja, kwa hiyo najua. Usiniandikie ukijilaumu. Hukufunga wewe.

Anasema: nilikuambia macho yapo. Yalikuwepo wakati ule. Sasa asubuhi na jioni nazijua kwa mlio wa lifti na miguu ya watu ngazini. Redio ananisomea magazeti na kuyapotosha. Nakula vizuri. Godoro lako amelichukua mtoto wa mwenye nyumba, nimemruhusu.

Anasema: nilitaka sana ufike mapema kwa sababu nilikuwa na hesabu yangu. Nilisema nikuone mara moja, vizuri, mchana, nikutazame mpaka uchoke uniambie "unatazama nini wewe?" Kisha hata yakizima nina wewe wa sasa. Hilo sikulipata.

Anasema: kwa hiyo nakuuliza. Ninapokaa hapa nikakufikiria, nimwone nani? Huyu wa sasa uliyemwandika kwenye barua, mwembamba, asiye na jino, mimi simjui. Nikijaribu kumtengeneza anakuwa mtu mwingine. Wa zamani ninaye, lakini naogopa kwamba nikimshika huyo nitakuwa kama ile mashine, nakukataa wewe uliyebaki. Niambie nishike yupi.

Anasema hayo tu. Mdogo wako.


23 Oktoba

Kindi wangu,

Tumeamka salama, mimi na paka. Shangazi anasimama tena kwa fimbo, na fimbo hiyo anaitumia zaidi kuwaelekezea watu makosa yao. Bomba la jikoni limepona. Mvua imekwisha.

Jana ilikuja barua pepe kutoka kwa wale watu. Wanasema wameshindwa kuthibitisha mwenye akaunti, kwa hiyo wameifunga moja kwa moja kwa usalama wake, na thamani iliyokuwemo imekwisha muda. Wananishukuru kwa uvumilivu. Mwenye duka la kompyuta aliniuliza kama tuandike tena. Nikasema hapana, zima tu kompyuta. Nikarudi nyumbani, nikafua.

Nimejaribu sana kuukumbuka ule uongo. Karibu kila siku nimekaa mezani palepale, kiti changu, kiti chake. Chai naiona, shati naliona, mgongo wake ameupa chumba anatazama ukuta mabega yakitikisika kwa kicheko. Nikinyoosha mkono kulichukua lile neno, halipo. Sasa nimeacha kulitafuta. Naogopa nikizidi kulivuta nitaung'oa na huo mgongo wake.

Humu ndani ya bahasha, Redio, kuna kitambaa kimekunjwa. Mpe mkononi. Kindi, ni kibanio chako. Nilitaka kukuletea mwenyewe, ndiyo maana nilikizuia muda wote huu. Kishike. Ncha yake bado inakutana sawasawa, nimejaribu kwa uzi.

Umeniuliza umshike yupi. Nimelifikiria swali lako kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu, na hili peke yake nina jibu lake.

Siku unaondoka, gari lilikuja mapema kuliko tulivyotarajia. Nilikuwa nafua uani. Nilikimbia mpaka mlangoni na povu hadi viwikoni, likaniingia jicho moja, nikalifumba. Ulikuwa umeshapanda. Nilikupungia mkono nikiwa na jicho moja, na wewe ukafikiri nakukonyeza, ukanikonyeza na wewe. Sikuwahi kukuambia kwamba lilikuwa povu.

Jana nilipokuwa nafua liliniingia tena. Nikajiona kwenye kioo cha dirisha, nimekunja uso vile vile, jicho vile vile. Mashavu hayapo, jino halipo, lakini jinsi ninavyolifumba ni ile ile. Mashine haikuniambia nifumbe jicho moja. Iliniambia nifumbe yote mawili.

Mshike huyo wa mlangoni. Usimlinganishe na picha yoyote.

Sitakuja, mdogo wangu. Nilitaka niliandike hilo kwa mkono wangu, mara moja, tusidanganyane tena kuhusu mwakani.

Ukisikia maji yanamwagwa kwenye beseni huko kwenu, nikumbuke.

Dada yako